Shuka Jeusi la Mzee Tawia

Inspekta Abrafi Sekyere aliiegemeza picha kwenye chupa ya chai, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa kabati la majalada, akaitazama upya. Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya dhahabu ya bandia. Ndani yake marehemu Mzee Tawia, mnunuzi wa kakao, alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, hapa hapa Kumasi, amejitanda shuka jeusi na bega moja wazi, anamnyooshea mkewe funguo za nyumba. Mbele yao palikuwa na meza, na juu ya meza chupa ya shnapsi, pombe kali ya matambiko, na sahani ya eto, ndizi zilizopondwa kwa mawese, yenye viduara vyeusi kandokando.

"Unaona nini?" alimuuliza Sajini Azure.

"Namwona mwongo, Madam. Sijajua tu ni yupi."

Azure hakukosea. Kesi yenyewe ilikuwa hiyo. Mjane, Maame Nyamekye, alidai mumewe alimpa nyumba ile akiwa hai, mbele ya mashahidi, na aseda ikanywewa. Hicho ndicho kinywaji cha shukrani, na kisiponywewa zawadi haijawa zawadi. Ubaya ni kwamba mashahidi wake karibu wote walikuwa ndugu zake wa damu, na ukoo wa mume haukutaka hata kuwasikia. Kwa upande wa mume alimtaja mtu mmoja tu, mkuu wa ukoo mwenyewe, Mzee Gyamfi. Naye Mzee Gyamfi alikana katakata. Hakufika, hakuona, hakunywa.

Ikabaki picha. Ilipigwa siku hiyo hiyo kwa simu ya marehemu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeipeleka kwa fundi ikasafishwe na kuwekwa fremu. Aliileta nyumbani ikiwa bado imefungwa kwa karatasi, akaiweka juu ya kabati, na kabla hajaifungua moyo wake ukasimama. Katika purukushani za kumkimbiza hospitali simu ikapotea. Fundi alikuwa nani, hakuna aliyejua.

Basi mjane akaifungua picha mbele ya wazee. Alikuwa ameshawaambia, kwa kiburi kabisa, kwamba siku ile mumewe alivaa nyeupe tupu, kama anavyovaa mtu anayetoa kitu kwa furaha. Karatasi ikachanika, na mzee akatokea amevaa nyeusi.

"Nani anagawa nyumba amevaa nguo za kilio?" Mzee Gyamfi aliuliza, na wazee wakaguna. "Huyu katolewa kwenye picha ya msiba wa mtu, kabandikwa hapa." Jioni hiyo hiyo ukoo ulimshtaki mjane kwa kughushi. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Jumatatu ukoo ungetia kufuli kwenye nyumba, na Maame Nyamekye, ambaye ameishi humo tangu alipokuwa bibi harusi, angeanza kulala mahabusu.

"Ulipomuuliza habari ya shuka, alisemaje?" Abrafi aliuliza.

"Alisema jeupe. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akalia, akasema jeupe."

"Mwongo angebadilisha maneno yafanane na picha."

"Labda ni mwongo mbishi, Madam. Kwetu Bolgatanga wapo tele."

Abrafi alicheka kidogo, kisha akamwita karibu. "Tazama uso wa mzee. Mtu wa miaka sabini na ushee, uso laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Haya, tazama mikono."

Azure aliinama. Mikono ilikuwa na mishipa, makunyanzi, na kovu la panga kwenye kidole gumba, kila kitu mahali pake.

"Fundi mvivu," alisema.

"Au mashine inayojua uso ni nini na haijui mkono ni nini. Tukiipata mashine tumempata fundi, na fundi atatuambia alibandika au hakubandika." Aliifunga picha kwa kanga na kuitia kwenye mfuko. "Nenda kavae shati lako jeupe. Tunakwenda kununua programu ya kuhariri picha. Mpwa wangu anafungua studio."

"Una mpwa, Madam?"

"Nimempata sasa hivi."

Mtaa wa mafundi picha upo nyuma ya kituo cha magari cha Asafo, na ukiuingia unajua umeingia. Kila ukuta, kila nguzo, kila mlango una bango la msiba, na kwenye kila bango kuna uso uliong'arishwa. Marehemu ni wengi kuliko wapita njia. Abrafi alizaliwa mji huu na ameyaona mabango hayo tangu utotoni, lakini asubuhi ile ndipo alipojiuliza kwa mara ya kwanza ni akina nani wanaowapa wafu sura zao za mwisho. Hilo lilimtia woga kidogo.

Azure yeye alikuwa amesimama kwa muuza mayai. Alinunua yai la kuchemsha, likapasuliwa na kujazwa pilipili, na kabla hajalitia mdomoni Abrafi alimwambia atulie, akampiga picha kwa simu.

"Ya nini tena?"

"Ya kujaribia filta. Sasa kula."

Duka la kwanza lilikuwa la dada mmoja aitwaye Afriyie, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi.

"Anti, mpwa wako asidanganywe," alisema mara tu alipoelezwa shida. "Watamwambia akodi ile ya kulipia kila mwezi. Mwezi usipolipa, inafunga, na kazi zako zimo ndani. Mimi natumia ya bure. Inafungua haraka, haiombi chochote."

"Filta je?" Abrafi aliuliza, akamwonyesha picha ya Azure kwenye simu.

"Za kuongezea zimejaa mtandaoni, unachagua mpaka unachoka. Nipe hiyo picha." Alimchukua Azure kwenye skrini, akabonyeza, na Azure akalainika uso, shingo, mikono, mpaka na vifungo vya shati.

"Imenipiga pasi mwili mzima," Azure alisema.

"Si umependeza? Kaka, wewe ulikuwa unahitaji pasi."

Abrafi aliitazama ile mikono laini, akajua si mashine hii. "Na nikitaka ile picha ya mwanzo nirudishiwe?"

"Ukishahifadhi, ya mwanzo imekwenda. Kwani unaitakia nini? Watu wanataka uzuri, Anti." Kisha Afriyie akashusha sauti, maana umbea ulikuwa umemfika kooni. "Kama mpwa wako anataka kazi kubwa kubwa, mpeleke kwa Ebo pale kona. Yule Mfante anaweka wafu kwenye harusi. Bwana harusi baba yake alishakufa zamani, Ebo akamsimamisha mstari wa mbele na kofia yake. Watu walilia mpaka pilau ikapoa."

Walipotoka nje Azure alikuwa anatembea haraka. "Madam, huyo ndiye. Anayeweza kumweka mfu kwenye harusi atashindwa kumweka kwenye kiti? Mjane kamlipa."

"Inawezekana," Abrafi alisema, na moyoni hakupenda jinsi ilivyowezekana.

Ebo alikuwa mtu mnene mwenye miwani juu ya kipara, na hakuinua kichwa walipoingia. Mbele yake alikaa mwanamume wa makamo aliyeshika kofia magotini. Mwanamume huyo alikuwa ameleta kitambulisho cha kura cha mama yake, kilichofuliwa ndani ya mfuko wa nguo mpaka sura ikabaki kivuli cha shavu na nusu ya jicho.

"Hiyo ndiyo picha pekee?" Abrafi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakupenda kupigwa," mwanamume alijibu.

Ebo alifanya kazi bila kusema. Alikwangua madoa moja moja, akaazima mwanga kutoka kwenye nusu ya jicho iliyobaki akaitia nusu iliyofutika, akamuuliza yule mwanamume, "Kidevu chake kilikuwa kama chako?" Kikawa kama chake. "Alikuwa na mwanya?" Alikuwa nao. Mwanamke akaanza kuja. Alikuja polepole kutoka ndani ya weupe ule, kwanza paji, kisha midomo iliyobana kicheko, na ghafla alikuwa hapo, anawatazama wote wanne kama aliyekuwapo muda wote akisubiri waache kelele. Yule mwanamume alisimama. Alivua viatu, sijui kwa nini, akasimama peku mbele ya skrini. Abrafi, aliyeona maiti wengi kuliko sherehe, alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama, na kwa kitambo alisahau kwamba alikuja kumkamata mtu.

Mteja alipoondoka, Ebo alishusha miwani. "Na ninyi?"

Alielezwa habari za mpwa, akaonyeshwa picha ya Azure ya kujaribia. Akacheka.

"Picha za nini? Harusi, pasipoti au msiba?"

"Msiba," Abrafi alisema.

"Ana akili. Harusi watu huahirisha." Aligeuza kiti. "Sikiliza, Madam, watu wanakosea sana. Wananunua programu kwa sababu ya filta. Filta ni viungo tu, unaongeza baadaye. Programu ichague kwa jinsi inavyoitunza picha ya kwanza. Hii yangu haiigusi kabisa. Kila ninalofanya inaliandika pembeni, inaliweka juu kama nguo juu ya mwili. Nikitaka, navua."

"Unakodi kwa mwezi?"

"Nimenunua moja kwa moja. Ghali, nilikula gari kavu mwaka mzima." Hapa alimaanisha gari ya kula, unga wa muhogo uliokaangwa, bila mchuzi, na Azure, mpenzi wa gari hiyo, akaguna kwa huruma. "Filta ya ngozi niliipata kwa jamaa wa Lagos. Inautafuta uso wenyewe, haigusi kingine."

"Hata mikono haigusi?"

"Mikono haioni."

Abrafi hakumtazama Azure. "Na hii ya msiba?"

"Hiyo nimeitunga mwenyewe. Naiita Nenda Salama. Familia zinaleta picha za marehemu kavaa nyeupe ya kanisani, wanataka nyeusi kwa bango. Zamani nilikuwa napaka shuka mchana kutwa. Sasa tazama. Nipe hiyo ya kaka."

Alibonyeza mara moja. Shati jeupe la Azure likanywa giza kuanzia kola mpaka mkanda. Pembe za picha zikazama kwenye kivuli, uso ukang'aa, na Sajini Azure, mzima wa afya, akawa marehemu.

"Ee bwana wee! Umeniua!"

"Lakini umekufa vizuri," Ebo alisema. "Hapa chini tunaweka tu jina na saa ya ibada."

Azure alicheka, kisha akaacha. Abrafi alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Hiki alichoshika mkononi ni nini?"

"Yai," Azure alisema. "Si lile yai langu?"

"Rangi gani?"

Kila mtu alitazama. Katika vidole vya Azure palikuwa na kitu cha duara, cheusi tititi.

"Aa, hiyo ndiyo kasoro yake," Ebo alisema. "Inatafuta kila kilicho cheupe, inageuza. Nimeifundisha kuacha macho na meno, mayai sijaifundisha. Kwenye msiba nani anashika yai?"

Abrafi alivuta pumzi ndefu. Akafungua mfuko, akaitoa picha ya Mzee Tawia kwenye kanga, akaisimamisha juu ya meza ya Ebo, na kuweka kidole kwenye sahani ya eto, juu ya vile viduara vyeusi.

"Mimi nilidhani ni kokwa za kola, zile za kutafuna," Azure alisema taratibu.

"Wewe ni mtu wa kaskazini, umesamehewa. Mimi ni Mwashanti. Kila siku yangu ya kuzaliwa mama yangu aliniamsha na eto yenye mayai, na nimeitazama sahani hii wiki nzima nikasema bilinganya." Aliona aibu, na alifurahi, vyote kwa pamoja. "Eto ya mayai ni chakula cha kumshukuru Mungu. Mayai haya yalikuwa meupe, na shuka hili nalo lilikuwa jeupe. Bwana Ebo, mimi ni Inspekta Sekyere. Picha hii ni kazi yako."

Ebo alirudisha kiti nyuma. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kipara chote.

"Si yangu," alisema mwishowe.

"Uso laini, mikono ina makunyanzi. Pembe zimezama. Yai jeusi. Nikatafute Nenda Salama nyingine mtaani?"

"Sikubandika mtu! Naapa kwa mama yangu, sikubandika mtu."

"Basi ulifanya nini?"

"Nilikuwa nimesafiri," alianza. "Mzee aliacha kadi ya kumbukumbu ya simu yake na anwani kwa mke wangu hapa kaunta. Nikaikuta usiku, imo pamoja na kadi za wafiwa. Nikaona mzee kwenye kiti, shuka, chupa ya shnapsi. Mimi wazee wote wanaoletwa kwangu wamekufa, Madam. Wote. Sikuuliza. Nikazipitisha zote kwa Nenda Salama, zikachapwa. Mzee akaja kuichukua, imeshafungwa." Alivua miwani. "Wiki haijaisha naona bango lake ukutani kwa jirani. Ni yeye. Nilimvisha msiba mtu aliye hai, na kweli akafa. Tangu siku hiyo silali. Ningemwambia nani?"

Azure alikohoa. Alikuwa anaitazama picha yake mwenyewe kwenye skrini, na sasa hakuona mzaha wowote.

"Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani, hospitali wamesema," Abrafi alimwambia Ebo, kwa upole. "Hukumuua mtu. Lakini kwa sababu ya ukimya wako mjane wake anakaribia kufungwa. Ulisema programu yako haiigusi picha ya kwanza."

"Haiigusi."

"Basi mvue."

Ebo alitafuta mpaka uani kwa Mzee Tawia pakatokea kwenye skrini. Pembeni palikuwa na kila alichokifanya, hatua kwa hatua. Alibonyeza ya mwisho.

Weusi ulimtoka yule mzee. Uliondoka begani, ukashuka kifuani, ukaacha shuka jeupe lililopigwa pasi kwa mkaa, jeupe la kuumiza macho. Mayai yakang'aa kwenye mawese. Makunyanzi yakarudi usoni, na pamoja nayo kikarudi kicheko kilichokuwa kimepigwa pasi: mzee alikuwa anacheka, kinywa wazi, anamtazama mkewe kwa macho ambayo Abrafi hakuwahi kutazamwa nayo na mtu yeyote. Inspekta aliona machozi yanamjia, akayaacha. Ilikuwa jambo kubwa mno, kumwona mtu akitoka kaburini na kuingia katika siku yake njema.

Kisha kivuli cha pembeni nacho kikavuliwa, na mlango wa jikoni, uliokuwa giza tupu, ukawa mlango. Mlangoni palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda alikaa mtu mwenye shuka jeupe, kichwa amekirudisha nyuma, bilauri ndogo mdomoni.

"Mkuze," Abrafi alisema.

Ebo alimkuza. Alikuwa Mzee Gyamfi.

Ijumaa alasiri ukoo ulikuwa umekaa uani, chini ya turubali lililofungwa kwa ajili ya kesho. Vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki. Maame Nyamekye alikaa peke yake kwenye mkeka kando ya ukuta, nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa.

Abrafi alisalimia kuanzia kulia, kama inavyopasa, akamkabidhi Mzee Gyamfi picha mpya kwa mikono miwili. Mashine ya Ebo ilikuwa kituoni tayari, imetiwa lakiri, pamoja na maelezo yake na tarehe za kila hatua. Hayo aliyaeleza kwa ufupi.

Mzee Gyamfi aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mashine," alisema. "Leo inatia nyeusi, kesho inatia nyeupe. Kesho kutwa itanitia mimba. Mimi mashine siijui, Inspekta."

Baadhi ya wazee walicheka. Abrafi aliwangoja wamalize.

"Ni kweli, Nana," alisema, kwa jina la heshima la wazee. "Basi tuiache mashine. Kesho wewe ndiye utakayemimina kinywaji ardhini na kumwita Tawia kwa jina lake. Mwite leo. Mwambie hapa, mbele yetu, kwamba hukufika na hukunywa. Ukimwambia, mimi nitaondoka na picha yangu, na hakimu ataamua."

Viti vya plastiki viliacha kulia. Mtu mmoja alileta chupa na bilauri, maana katika nyumba ya msiba vitu hivyo haviko mbali. Mzee Gyamfi alisimama, akashusha shuka begani, akavua kandambili. Aliinua bilauri. Hata Azure, asiyekuwa wa ukoo wala wa kabila, alijikuta amevua kofia.

"Tawia," mzee aliita.

Tone la kwanza lilianguka kwenye vumbi. Mkono wake ulibaki hewani. Alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia chini pale tone lilipozama kama kwamba kuna mtu pale anamsikiliza kwa makini. Akajaribu tena, na sauti haikuja. Bilauri ikaanza kumtetemeka mpaka kinywaji kikammwagikia mkononi.

"Nilikunywa," alisema.

Hakuna aliyejua kama aliwaambia walio hai au yule mwingine. Alikuwa bado amesimama hivyo, uso chini, mkono umelowa, pale Maame Nyamekye aliponyanyuka kutoka kwenye mkeka wake, akavuka ua, akaipokea ile bilauri isije ikaanguka.

"Najua, Nana," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekumiminia."